Somo la Mbwa: Ni Kabila Zipi Ziishizo Siku Nyingi?

Somo hili la mbwa mimi nililipata kwanza kwa hasara, ndipo nikalitafuta vitabuni. Afadhali nieleze hasara yenyewe kwanza, ili mjue kwamba siandiki kwa kujiona mwenye akili.

Miaka minne iliyopita nilinunua mtoto wa mbwa mjini, wa kabila liitwalo Bulldog wa Kifaransa. Alikuwa na pua iliyobonyea, masikio kama ya popo, na kifua kipana. Mwuzaji aliniambia ya kuwa mbwa wa Ulaya ana damu safi, na mwenye damu safi hafi upesi. Nikamwamini. Fedha niliyotoa ingaliweza kununua mtamba mzuri. Watoto wangu walimpenda mbwa yule kupita kiasi, maana alikuwa mpole, na usiku alikoroma kama mzee aliyeshiba. Nasi tulicheka, tusijue ya kuwa kule kukoroma kulikuwa habari ya ugonjwa. Siku moja ya kiangazi nilimchukua kwa miguu kwenda barazani kwa chifu, mwendo wa saa moja na nusu, na jua la saa sita lilikuwa kali. Nusu ya njia akaanza kuhema kwa kishindo, ulimi ukageuka rangi ya zambarau, akaanguka chini ya mwembe. Hakuinuka tena. Alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mwanangu wa pili, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha, hakusema nami siku tatu.

Na jirani yetu, bibi mmoja mzee, anaye mbwa jike wa kienyeji, rangi ya kahawia, jina lake Watasema. Alizaliwa mwaka uleule aliozaliwa mwanangu wa kwanza, yaani sasa ana miaka 11, na bado huwafukuza nyani katika mahindi. Hakununuliwa kwa fedha, wala hakuna kitabu kilichoandikwa jina la baba yake. Basi nikajiuliza: hiyo damu safi ni kitu gani, na ni mbwa gani hasa ambao hujaliwa afya na umri?

Kwanza tuelewe maana ya kabila la mbwa. Wenye elimu ya wanyama wasema mbwa wote wa nyumbani, mkubwa na mdogo, ni wa uzao wa mbwamwitu wa kijivu wa nchi za kaskazini. (Yule mbwamwitu wetu wa Afrika mwenye mabaka ni mnyama mwingine kabisa, wala hazai na mbwa wa nyumbani.) Mbwa wamekaa na binadamu zaidi ya miaka 14,000. Lakini kabila nyingi tunazozisikia leo si za kale hivyo. Zilifanyizwa katika miaka 200 hivi iliyopita, watu wa Ulaya walipoanza kushindanisha mbwa kwa sura. Huko London chama cha wafugaji wa mbwa, Kennel Club, kilianzishwa mwaka 1873, nacho huweka kitabu cha nasaba. Mtoto wa mbwa haandikwi kuwa wa kabila fulani ila baba na mama wote wawili wamekwisha andikwa. Hivyo kitabu kile ni kama boma lenye mlango uliofungwa: waliomo ndani huzaana wao kwa wao, na wa nje haingii.

Wafugaji wa ng'ombe hawahitaji kuambiwa mwisho wake. Fahali mmoja akiachwa zizini mpaka akawapanda binti zake, kisha na wajukuu zake, ndama huanza kudhoofika, na kasoro iliyokuwa imejificha katika damu ya babu hutokea waziwazi. Kila mnyama hupokea chembe za urithi mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama. Chembe mbovu ikiwa moja tu, mara nyingi ile nzima huifunika. Lakini ndugu wakizaa pamoja, mbovu hukutana na mbovu mwenzake, na mtoto huugua. Hiyo ndiyo sababu damu iitwayo safi yaweza kuwa na maradhi ambayo damu nyingine haina.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba kila mbwa wa kabila ni mgonjwa, maana hesabu haisemi hivyo. Mwaka 2024 wataalamu wa Uingereza walitangaza hesabu kubwa ya mbwa zaidi ya 580,000 wa nchi ile, wa kabila 155 na wengine waliochanganyika. Walitafuta umri wa katikati, yaani umri ambao nusu ya mbwa hufa kabla ya kuufikia na nusu huupita. Kwa mbwa wote pamoja ulikuwa miaka 12 na nusu. Wa kabila moja walipata miaka 12.7, na waliochanganyika 12.0. Jambo hili liliwashangaza wengi, kwani watu walizoea kusema kuwa chotara siku zote ana nguvu kuliko wazazi wake. Mimi nadhani halishangazi sana: chotara wa mbwa wawili wagonjwa aweza kurithi ugonjwa wa pande zote mbili. Mbwa jike nao waliwapita madume kwa miezi michache.

Lakini tofauti kubwa ilikuwa baina ya kabila na kabila. Aliyetangulia wote ni Lancashire Heeler, mbwa mfupi wa kaskazini ya Uingereza aliyetumika kuswaga ng'ombe, aliyepata miaka 15.4. Akafuata Tibetan Spaniel, mbwa mdogo ambaye asili yake ni milima ya Tibet, miaka 15.2. Border Terrier, mbwa wa kuwinda mbweha kwenye mpaka wa Uingereza na Scotland, alipata 14.2, na yule mbwa mrefu wa Kijerumani, Dachshund, wa namna ndogo, alipata 14.0. Labrador, ambaye wengi mmemwona akiongoza vipofu au akinusa mizigo bandarini, alipata 13.1. Upande wa chini wako Saint Bernard kwa miaka 9.3, Mastiff kwa 9.0, na wa mwisho kabisa mbwa mkubwa wa milima ya Kaukasi, miaka 5.4 tu. Bulldog wa Kifaransa alipata 9.8. Nilipoisoma namba hiyo niliyakumbuka maneno ya mwuzaji wangu.

Mwalimu akitaka kuwafundisha watoto jambo la ajabu, na awaulize: tembo na panya, ni nani aishiye zaidi? Watoto watajibu tembo, nao watakuwa sawa. Katika wanyama kwa jumla mkubwa huishi kuliko mdogo. Lakini ndani ya jamii ya mbwa mambo hugeuka. Mbwa mkubwa huzeeka upesi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kila kilo 2 za uzito zinazoongezeka kwa mbwa hupunguza mwezi mmoja hivi katika maisha yake. Mbwa mkubwa hukua mbio mno. Akiwa na mwaka mmoja amekwisha kuongeza uzito wake mara nyingi sana, na uzee nao humjia mbio vilevile, pamoja na maradhi ya mifupa na uvimbe wa saratani. Mwaka 2007 iligunduliwa chembe moja ya urithi ya ukuaji ambayo kwa sehemu kubwa huamua mbwa awe mdogo au mkubwa. Na mwaka 2022 alama ya udogo ikaonekana katika mifupa ya mbwamwitu wa miaka 54,000 iliyopita, maana yake udogo haukubuniwa na wafugaji. Ulikuwamo tangu zamani.

Jambo la pili ni uso. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mtu. Joto lake hulitoa kwa kuhema, pumzi ikipita juu ya ulimi na ndani ya pua ndefu yenye unyevu. Sasa chukua mbwa, umfupishe pua kizazi baada ya kizazi mpaka uso uwe bapa kama kifuniko cha sufuria. Nyama laini za kooni hazikufupika pamoja na mfupa. Zimejazana mlemle, na tundu za pua zimebana. Mbwa huyu hukoroma akilala na huvuta pumzi kwa taabu akitembea, na siku ya joto hana njia ya kujipoza. Katika hesabu ile ya mwaka 2024, madume wa kadiri ya kati wenye uso bapa walipata miaka 9.1, na majike wadogo wenye pua ndefu walipata 13.3. Ikiwa ni hivyo katika nchi ya baridi, je, bondeni kwetu mwezi wa pili? Msomaji mwenye mbwa wa namna hii asimtembeze ila alfajiri na magharibi, na maji yasikosekane. Mimi sikuambiwa hayo.

Tena umri mrefu si sawasawa na afya njema. Dachshund niliyemtaja alifugwa na Wajerumani ili aingie mashimoni kumfuata mnyama afananaye na nyegere. Kwa hiyo walimtaka mwenye miguu mifupi sana na mgongo mrefu. Huishi miaka mingi, kweli, lakini pingili za mgongo wake zina vifuko laini kati yake ambavyo hukauka mapema na kupasuka, na wengine hupooza miguu ya nyuma. Mwenye mbwa wa namna hii asimwache arukeruke vitandani wala asimnenepeshe. Cavalier King Charles, kipenzi cha mabibi wa Kiingereza, husumbuliwa sana na vali za moyo. Mbwa wa Kijerumani wa polisi, German Shepherd, ana ubovu wa nyonga, na wafugaji waangalifu huwapiga picha za mifupa wazazi kabla ya kuwapandisha. Mtu akikuambia mbwa wake hana haja ya picha hizo kwa kuwa babu yake alipata kikombe cha ushindi, mwulize kikombe kile kilipewa sura au nyonga.

Watu hupenda pia visa vya mbwa mmojammoja. Huko Australia, mahali paitwapo Rochester katika jimbo la Victoria, palikuwa na mbwa wa ng'ombe aliyeitwa Bluey. Alipatikana akiwa mtoto mwaka 1910, akafanya kazi ya kuswaga ng'ombe na kondoo karibu miaka 20, akafa mwezi wa Novemba 1939 akiwa na miaka 29 na miezi 5. Ni mbwa wa ajabu. Lakini wenzake wa kabila lilelile kwa kawaida huishi miaka 13 hivi, kwa hiyo asidhani mtu kwamba akinunua mbwa wa Australia atamwachia wajukuu. Kisha Ureno akatokea mbwa Bobi, aliyekufa Oktoba 2023, akasemwa kuwa alifikisha miaka 31. Sifa zake zilienea dunia nzima, lakini mwezi wa Februari 2024 wenye kitabu cha Guinness waliliondoa jina lake, kwa kuwa ushahidi wa mwaka wa kuzaliwa haukutosha. Mimi karani nilifurahi kidogo kuona kwamba hata mbwa huulizwa cheti cha kuzaliwa.

Sasa nataka kukaa zaidi na mbwa mmoja ambaye asili yake ni bara yetu. Jina lake ni Basenji, nalo hulitambua mara moja kila ajuaye Kiswahili. Husemwa kuwa limetokana na maneno ya watu wa Kongo, mbwa wa basenji, yaani mbwa wa watu wa vijijini na porini; nalo ni ndugu wa neno letu washenzi. Katika Kenya walowezi nao waliwaita mbwa wetu wa kienyeji kwa neno hilohilo la shenzi, wakiwadharau. Lakini mbwa wa Kongo aliyevuka bahari na jina hilo leo huuzwa kwa bei kubwa Ulaya na Marekani, ana vyama vyake na kitabu chake cha nasaba. Neno lile halikumdhuru!

Basenji ni mbwa mwepesi, kilo 10 au 11, urefu wa sentimeta 40 na kidogo begani. Masikio yamesimama, paji la uso limekunjamana kama la mtu aliye na shaka, na mkia umejiviringa juu ya mgongo. Hujisafisha kwa ulimi kama paka. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti ya kupanda na kushuka kama mtu aimbaye milimani. Ndiyo sababu wawindaji wa msitu wa Ituri humfunga njuga ya mti shingoni, wapate kujua alipo wakati wa kuswaga wanyama kuelekea kwenye nyavu. Tena jike lake huingia joto mara moja tu kwa mwaka, hali mbwa wengi huingia mara mbili. Miaka yake ni 13 hivi.

Habari za safari yake zina uchungu. Mbwa hawa walionyeshwa London katika maonyesho ya Crufts mwaka 1895, wakafa upesi kwa ugonjwa wa mbwa uitwao distempa, ambao mwili wao haukuujua. Mwaka 1923 bibi mmoja Mwingereza, Lady Helen Nutting, aliwachukua sita kutoka Sudan. Walikaa karantini salama, kisha wakadungwa dawa ya distempa iliyokuwa mpya wakati ule, nayo ikawaua wote. Ndipo mwaka 1937 Bibi Olivia Burn akafaulu. Mbwa wake walipoonyeshwa Crufts watu walijaa kuwatazama. Jambo hili lafaa likumbukwe. Mbwa mwenye nguvu kwao si mwenye nguvu kila mahali. Nguvu yake ni kwa maradhi ambayo babu zake waliyapita, na ugonjwa mgeni humwangusha kama mtoto.

Likatokea na jambo la pili. Basenji wote wa Ulaya na Marekani walikuwa wametokana na mbwa wachache mno, na boma likafungwa. Baada ya miaka ukazuka miongoni mwao ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Figo za mbwa huyu huacha kurudisha sukari na vitu vingine vyenye manufaa katika damu, zikavimwaga katika mkojo. Mbwa hunywa maji daima, hukojoa daima, hukonda, na asipotibiwa hufa. Na ugonjwa huanza akiwa na umri wa miaka 4 hadi 7 hivi, yaani baada ya kwisha kuzaa watoto. Mfugaji alikuwa hana njia ya kujua mapema.

Yastahili kusifiwa namna wafugaji wale walivyojitahidi. Katika miaka ya 1987 na 1988 Wamarekani wachache walisafiri mpaka Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, wakapita vijijini kutafuta mbwa wapya. Mwaka 1990 chama cha Marekani kikaufungua mlango wa kitabu, mbwa hao wa vijijini wakaandikwa. Na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Missouri walifanya kazi mpaka mwaka 2011 wakapata kipimo cha chembe yenyewe ya urithi iletayo ugonjwa. Tangu hapo mfugaji aweza kumpima mbwa mdogo na kujua kama anaibeba, asiwapandishe wawili wenye nayo. Fikirini: kabila lililokuwa likififia kwa ajili ya kujifungia, liliponywa nusu kwa elimu ya maabara, na nusu kwa mbwa wa wanakijiji wa msituni, ambao hakuna aliyewaandika popote.

Hapa turudi kwa Watasema na wenzake. Mbwa wetu wa kijijini si chotara wa mbwa wa kizungu, kama wengi wadhanivyo. Mwaka 2009 ulitangazwa uchunguzi wa damu ya mbwa wa vijijini zaidi ya 300, wa Misri, Uganda na Namibia. Ilionekana kwamba wengi wao ni wa asili ya hapa hapa, tena wanahusiana na Basenji. Mbwa hawa hawakuchaguliwa na mtu kwa ajili ya pua wala mkia. Njaa, jua, kupe na chui ndio waliowachagua. Aliyeshindwa kupumua hakuzaa. Ndiyo maana wana umbo la wastani, pua ndefu, miguu mirefu ya kadiri, na uzito mdogo, yaani karibu kila alama ambayo hesabu ya Waingereza yaitaja kuwa ni ya maisha marefu.

Kwa nini basi twawaona wakifa ovyo? Uchunguzi wa Wilaya ya Machakos, uliotangazwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba umri wa kutazamiwa wa mbwa tangu kuzaliwa haukufika miaka minne. Miaka minne kwa mnyama ambaye mwili wake waweza 12! Wala hapa hatuwezi kulaumu damu. Wengi hufa wangali wachanga, kwa minyoo, kwa distempa, kwa njaa. Wengine hugongwa na magari, hupewa sumu, au hupigwa kwa kuiba mayai.

Minyoo huanza kabla ya mtoto kuzaliwa, maana hupita kutoka kwa mama hata tumboni na katika maziwa. Mtoto mwenye tumbo lililofura na mbavu zilizotokeza hakushiba. Ana minyoo, na dawa yake ni ya bei ndogo. Kupe nao huleta homa ya damu. Ukiuona mkojo wa mbwa umekuwa mwekundu au ufizi umekuwa mweupe, usingoje kesho. Mbwa wageni huugua homa hiyo vibaya kuliko wa kienyeji. Na kwenye mbung'o, mbwa hupata nagana kama ng'ombe, macho yakaingia ukungu. Neno kwa machifu hasa: mahali pa kuchinjia, mapafu na maini yenye malengelenge ya maji yasitupiwe mbwa. Ndani yake mna mbegu za tegu mdogo ambaye hukua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake humrudia mtu na kumfanya uvimbe mkubwa wa ini. Watu wa Turkana na Wamasai wameteseka sana kwa ugonjwa huo. Yafukiwe au yachomwe moto.

Chakula ni kiasi. Wamarekani waliwachukua watoto wa Labrador 48, wakawapanga wawili wawili waliozaliwa pamoja, mmoja akapewa robo pungufu ya chakula cha mwenzake, maisha yao yote. Mwaka 2002 wakatangaza matokeo: waliokula pungufu waliishi miaka 13.0 kwa umri wa katikati, na wenzao 11.2. Sisemi mwanakijiji ampunguzie mbwa wake, ambaye pengine hajala tangu jana. Lakini mbwa wa mwenye bucha na mbwa wa sisi makarani, ambao hukaa barazani wakitupiwa mabaki mchana kutwa, wanatuhusu.

Nimeacha la mwisho ambalo ni zito kuliko yote, maana lahusu roho za watu. Mbwa awe wa Lancashire au wa kijiji chetu, hakuna kabila lenye kinga ya kuzaliwa nayo juu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huua watu kama 59,000 kila mwaka duniani, walio wengi katika Asia na Afrika, na karibu wote huupata kwa mbwa. Wengi ni watoto. Ukisha kuonyesha dalili kwa mtu, kupona ni nadra mno. Lakini chanjo ipo tangu Louis Pasteur alipomdunga mtoto aliyeumwa, mwaka 1885. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara ileile kwa sabuni na maji yatiririkayo, muda wa dakika 15 kamili. Watu huosha dakika mbili wakaridhika. Kisha aende hospitali siku hiyohiyo, wala kidonda kisipakwe pilipili, majivu wala mafuta ya taa.

Na mbwa wenyewe wachanjwe, hata watoto wao. Wakichanjwa 70 katika kila mbwa 100 wa mahali, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba ulikomeshwa mwaka 2014 kwa njia hiyo. Ukaingia tena mwaka 2016, na chanjo ilipotiliwa mkazo ukakoma mara ya pili mwaka 2018. Wazee wetu machifu, siku ya chanjo itangazwe barazani na shuleni wiki mbili mbele, na watoto waruhusiwe kuwaleta mbwa, kwa kuwa mara nyingi ni mtoto tu awezaye kumshika mbwa wa nyumbani. Kwetu mwaka jana tangazo lilifika siku moja nyuma, na daktari wa mifugo akakaa chini ya mti na mbwa tisa.

Mwenye kutaka mtoto wa mbwa, basi, asiulize bei kwanza. Aombe kumwona mama, amtazame anavyopumua akiwa amelala na anavyotembea. Aulize babu na bibi yake waliishi miaka mingapi, na kama walikuwa ndugu. Asimchukue mtoto kabla ya wiki nane. Na akiambiwa damu safi, aombe karatasi ya daktari.

Mimi nilikwenda kwa jirani yetu. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kwa ajili ya mbwa. Mwanao amekwisha kuja mara tatu." Binti yake Watasema alikuwa amezaa watoto watano. Nilipouliza bei, bibi alikataa fedha, akasema mbwa hauzwi kwa jirani, nimletee kuku mmoja jike, asiwe mwekundu. Nikampelekea mweupe. Mtoto yule wa mbwa ana miezi mitano sasa, pua ndefu, miguu kama ya swala, na usiku hakoromi. Amepewa dawa ya minyoo mara tatu na chanjo ya kichaa mara moja, na cheti chake nimekitundika ukutani karibu na kalenda. Mwanangu ndiye aliyempa jina, lakini hataki niliandike gazetini.